Askari Asije Peke Yake

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Niliufurahia uamuzi ule kwa dhati. Kabla yake, mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaingia kizimbani.

Mtaani, hata hivyo, mambo ni yale yale: mgonjwa wa akili bado huitiwa polisi. Kijana kajifungia chumbani usiku, anapiga kelele kwamba kuna watu wanataka kumuua, na ameshika kisu. Mama yake ampigie nani? Nambari anayoijua ni 999. Atakayefika ni askari mwenye bunduki na pingu, ataamuru kisu kiwekwe chini, na kijana ambaye kichwani mwake kuna sauti nyingine zinazomwamuru vingine atachelewa kutii. Askari huona kuchelewa huko kuwa ukaidi. Hapo ndipo mgonjwa hupigwa risasi mbele ya mama aliyeomba msaada.

Ndivyo ilivyotokea Memphis, Marekani, mwaka 1987: kijana mgonjwa wa akili, mwenye kisu, akauawa na polisi. Mwaka uliofuata jiji lile likaanza kufunza askari maalumu wa kushughulikia wagonjwa wa aina hiyo. Denver, jiji jingine la Marekani, ilikwenda mbali zaidi, ikawapandisha wataalamu wa afya ya akili kwenye gari moja na polisi. Tangu 2020 huko iko pia timu isiyo na askari kabisa.

Kwetu ningeanza na gari la pamoja, kwa sharti moja: muuguzi wa akili ndiye azungumze kwanza, askari akae nyuma hadi aitwe. Akitangulia mwenye bunduki, muuguzi atabaki wa kuandika ripoti tu.

Kikwazo chenyewe ni pesa. Afya iko mikononi mwa kaunti, polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, na kila upande utasema gari ni la mwenzake. Tusilipuuze hilo. Eugene, Oregon, ilikuwa na huduma ya wataalamu wasioandamana na askari tangu 1989, ya kupigiwa mfano Marekani nzima, na bado ilisimama mwaka 2025 kwa kukosa fedha.

Kwa hiyo naomba fungu lake liandikwe kwenye bajeti, kaunti na Huduma ya Taifa ya Polisi zikiwa zimetia sahihi mgawanyo wa gharama. Nairobi ianze, kwa sababu Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko pale pale, na zamu ya kwanza iwe ya usiku.