Rangi za Farasi wa Mbio wa Kale: Mchoro Uaminiwe kwa Kiasi Gani

Anayefuatilia nasaba za farasi wa mbio wa Kiingereza, wale waitwao Thoroughbred, akirudi nyuma hadi karne ya 18 hukutana na pengo: kamera haikuwapo, na kumbukumbu za wakati ule aghalabu hutaja rangi ya farasi kwa neno moja tu, kama zinaitaja. Kinachobaki ni michoro ya rangi za mafuta. Kuna wanaoichukua kuwa ushahidi wa kwanza, kwa hoja kwamba mchoraji alimwona farasi kwa macho yake. Na kuna wanaoiona kuwa mapambo ya kuta za mabwanyenye, ambayo hayana budi kusahihishwa kwa daftari la nasaba alilolianzisha James Weatherby mwaka 1791 na, siku hizi, kwa elimu ya jeni. Nadhani pande zote mbili zinakiuliza kitu kimoja maswali mawili kwa mpigo. Mahali rangi ilipokaa katika mwili wa farasi ni jambo moja, kukolea kwa rangi hiyo ni jambo jingine, na mchoro haustahili kuaminiwa kwa kiasi kilekile katika yote mawili.

Wanaoiamini michoro humtanguliza George Stubbs, mchoraji wa farasi wa Uingereza, na si bure. Kabla ya kupata jina alikaa miezi 18 katika kijiji cha Horkstow, Uingereza, akipasua mizoga ya farasi, kisha mwaka 1766 akachapisha kitabu cha anatomia yao. Mtu wa namna hiyo hakosei mguu mweupe kwa uzembe, na hata angekosea, mwenye farasi aliyelipia kazi angemtaka aurekebishe. Ndiyo maana farasi wa mbio Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764, anatambulika bila shaka katika mchoro wa Stubbs wa mwaka 1770 kwa mwili wake mwekundu wa kutu, mstari mweupe usoni na weupe wa mguu wa nyuma wa kulia. Kabla ya Stubbs, mchoraji John Wootton alimchora farasi wa Kiarabu mwenye mwili wa kijivu na baka la rangi ya damu begani. Mtazamaji wa leo angeweza kudhani huo ni ubunifu, lakini mabaka ya aina hiyo bado hujitokeza kwa farasi wa kijivu. Kwangu mimi, jambo lisilo la kawaida kama hilo lina uzito kuliko yote, kwa sababu mchoraji anayefuata mazoea asingekuwa na haja ya kulichora.

Wapinzani hujibu kwamba wachoraji haohao waliwaonyesha farasi wakikimbia huku miguu ya mbele na ya nyuma imenyooshwa yote kwa pamoja, mkao ambao picha za mpigapicha Eadweard Muybridge za mwaka 1878 zilithibitisha kwamba haupo. Hoja hii hurudiwa sana, nami naiona dhaifu: miguu ya farasi anayekimbia huyashinda macho ya binadamu, ilhali rangi yake hutazamwa akiwa amesimama bandani kwa muda wowote anaoutaka mchoraji.

Hoja yao yenye nguvu iko kwingine. Vanishi, yaani utomvu unaopakwa juu ya mchoro kuulinda, hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na hapo nyeupe huwa kama siagi, kijivu huelekea kahawia, na kahawia iliyokolea haitofautiki tena na nyeusi. Isitoshe, michoro ilinakiliwa. Godolphin Arabian, mmoja wa madume walioanzisha nasaba hizi, alikufa mwaka 1753, na Stubbs alipomchora katika miaka ya 1790 alifuata mchoro wa mchoraji mwingine, David Morier. Kwa hiyo kazi mbili zinazokubaliana juu ya farasi huyo ni shahidi mmoja tu. Picha za karatasi zilizochapwa kisha kupakwa rangi kwa mkono ni dhaifu zaidi, kwa kuwa mpakaji hakulazimika kuwa amemwona farasi mwenyewe.

Whistlejacket, farasi aliyezaliwa mwaka 1749 na ambaye mchoro wake mkubwa wa Stubbs umo National Gallery ya London, ndiye kipimo kizuri cha mabishano haya. Singa zake za shingoni na mkiani ni hafifu mno kwa rangi, na baadhi ya watazamaji wamekisia kwamba alikuwa farasi wa dhahabu, yaani mwekundu aliyefifishwa na jeni ya rangi ya krimu. Sikubaliani nao. Jeni hiyo hufifisha mwili pia, na mwili aliouchora Stubbs ni wa shaba iliyokolea. Farasi mwekundu mwenye singa hafifu anatosha kuueleza mchoro wote. Usuli usio na mandhari yoyote, wenye rangi ya mchanga, nao hubadili jinsi jicho linavyoipokea rangi ya mwili. Lakini tofauti kati ya singa na mwili inabaki palepale, na hiyo ndiyo inayoweza kutegemewa.

Jeni husaidia zaidi palipo na ukoo mrefu. Farasi wa kijivu lazima awe na angalau mzazi mmoja wa kijivu. Mabadiliko ya jeni yanayosababisha hali hiyo yalitambuliwa mwaka 2008. Gimcrack, aliyezaliwa mwaka 1760, alikuwa wa kijivu kama baba yake Cripple, na kwa kuwa babu yake, Godolphin Arabian, hakuwa wa kijivu, rangi hiyo inafuatika kurudi nyuma kupitia bibi yake Blossom, binti wa Crab, hadi kwa baba wa Crab, Alcock's Arabian. Stubbs alimchora Gimcrack akiwa bado na kijivu cha giza, jambo linaloendana na umri wake, maana farasi hawa huzaliwa na rangi nyingine na kuwa weupe kadiri wanavyozeeka. Anayelinganisha michoro ya farasi wa kijivu bila kuangalia mwaka ataona mgongano usiokuwepo.

Hata hivyo daftari la nasaba nalo si hakimu huru, kwani liliandikwa miongo mingi baada ya farasi wa mwanzo kufa. Byerley Turk, dume jingine la mwanzo, aliyepandwa katika vita vya Boyne huko Ireland mwaka 1690, huitwa na wengine wa kahawia na wengine mweusi, na mchoro wake wenye giza hauwezi kuamua. Kwa farasi kama huyo, ningeandika tu kwamba rangi yake ilikuwa ya giza.