Mwacheni shorewanda aishi uani

Nakuru, Kakamega, hata kwenye mitaa iliyobanana ya Kisumu, ndege anayetangulia kuimba kabla hakujapambazuka vizuri mara nyingi ni shorewanda. Wengi wanaijua sauti yake na hawamjui mwenyewe, maana hana rangi za kujionyesha: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe. Mtazame chini ya mkia, hapo pana manjano yaliyokoza. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Wimbo wake ni mfupi, sauti chache nene zinazofuatana haraka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, naye huurudia bila kuchoka. Mimi siuchoki pia. Ana kelele nyingine, kavu na ya kukatakata, na hiyo msiipuuze. Shorewanda kadhaa wakizunguka kichaka kimoja, wanatazama chini na hawaachi kupiga kelele, huenda kuna nyoka, paka au bundi. Waondoe watoto kwanza, kisha uangalie kwa mbali.

Lawama anayotupiwa ni matunda. Ni kweli anadonoa mapapai na mapera, lakini huyataka yaliyoiva. Basi vuna papai likianza tu kupiga mistari ya manjano, uliweke ndani liive. Utamu haupotei kiasi cha kumfanya mtu ashike feya (manati). Mapera yafunge mifuko ya kitambaa, moja moja. Chandarua kikuukuu, ambacho wengi hukimbilia, ndicho kibaya zaidi: kikilegea, ndege hunasa miguu na kufa akining'inia. Na matunda ya juu kabisa, yale usiyoyafikia hata kwa ngazi, mwachie tu.

Dawa za kupulizia wadudu zinamuumiza kwa njia isiyoonekana haraka. Shorewanda mzima hula matunda na wadudu, lakini makinda yake yanahitaji wadudu sana. Ukiua kila kiwavi kwenye sukuma wiki, umeyanyima chakula.

Jambo ninalosisitiza zaidi ni ua wa mimea. Kiota chake ni kikombe chepesi cha nyasi kavu na vijizizi, hufichwa ndani ya majani, na ua wa kaiyaba unamfaa kabisa. Hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani karibu muda kama huo. Punguza ua Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Ukilazimika kukata Aprili, fungua matawi kwa mkono kwanza. Ukikuta kiota chenye mayai, ruka mita mbili kila upande na urudi baada ya mwezi. Kiota kikibaki wazi, jua na kunguru hukimaliza.

Maji pia: sahani pana, kina kisichozidi sentimita tano, jiwe katikati, juu ya kigogo mbali na vichaka anapojificha paka. Yabadilishe kila siku, hasa Kisumu, yasije yakazaa mbu.

Kinda likianguka chini likiwa na manyoya tayari, usilipeleke ndani kulilisha mkate. Hutoka kiotani kabla ya kuruka vizuri. Liweke kwenye tawi la karibu, fungia paka, uondoke hapo; wazazi hawaji mtu akiwa amesimama karibu.