Soketi ya Mbagala ina nguvu kuliko ya Texas

Nianze na jambo ambalo ndugu zangu wengi hawaliamini nikiwaambia. Soketi moja ya ukutani Mbagala, Dar es Salaam, ile ya matundu matatu tuliyorithi kwa Waingereza, inabeba umeme mwingi kuliko soketi ya kawaida ya nyumba ya Texas. Hesabu yake ni fupi. Nyumbani umeme ni volti 230 na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha, unapata karibu wati 3000. Huku Texas ninakoishi ni volti 120, na soketi nyingi zimewekewa breka, swichi inayokata yenyewe umeme ukizidi, ya ampea 15, yaani wati 1800. Tena kitu kinachowaka saa nyingi mfululizo hakitakiwi kupita wati 1440 hivi. Ndiyo maana birika la umeme la huku linachelewa kuchemsha maji ya chai.

Mtu aliyepanga apatimenti anaweza kukaa huku miaka na asilijue hilo. Mimi nimelijua kwa sababu naishi kwenye trela: nyumba ya magurudumu inayokokotwa na pikapu, ina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na kiyoyozi juu ya paa. Kazi yangu inanihamisha mradi mmoja ukiisha, na miezi isiyo na mradi nalipaki kando ya nyumba ya kaka yangu, nje ya Houston, mahali ambapo hapako ndani ya mipaka ya mji. Nataja mipaka kwa makusudi, maana miji mingi huku, na vyama vya wenye nyumba, haviruhusu mtu kulala kwenye trela lililopakiwa uani. Kwenye kambi za matrela unakuta nguzo fupi yenye soketi ya ampea 30 au 50 inakusubiri. Kwa kaka kuna soketi ya gereji.

Plagi ya trela langu ni ya ampea 30, nene, haiingii kwenye soketi ya nyumba. Dukani kuna adapta ya bei ndogo inayoiwezesha kuingia, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haiongezi umeme hata chembe. Kiyoyozi cha BTU 13,500, kipimo cha nguvu ya kupoza, kikishashika mwendo kinavuta ampea 12 au 13, na kinapoanza kuzunguka kinavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Hicho kimoja tu kimeshaijaza soketi. Maikrowevu inataka kiasi kama hicho hicho. Hita ya maji, ukiiweka upande wa umeme, ni wati 1440 peke yake. Halafu kuna friji, na kuna chaja inayolisha betri ya volti 12, ambayo ndiyo inayowasha taa na pampu ya maji ndani ya trela. Kwa hiyo maisha yanapangwa: friji na hita ya maji vinaendeshwa kwa gesi, kiyoyozi kinachukua umeme, na anayetaka kupasha chakula anazima kiyoyozi kwanza.

Kabla ya kuchomeka chochote, kaka alisimama kwenye boksi la breka na mimi nikazunguka nyumba na taa mkononi, tukizima breka moja baada ya nyingine ili tujue ipi inalisha wapi. Tukakuta breka moja inalisha soketi ya gereji, soketi ya ukuta wa nje, na soketi ya bafuni. Na kwenye gereji hiyo hiyo kuna friza la shemeji, limejaa samaki na nyama ya mbuzi anayoinunua kwa Wasomali. Mtu akikaushia nywele bafuni huku kiyoyozi cha trela kinaunguruma, breka inakatika, na friza linazimika bila mtu kujua mpaka maji yaanze kutiririka sakafuni. Tukalihamishia friza kwenye breka nyingine. Shemeji alisimamia zoezi lile mwenyewe mpaka alipoona taa yake ya kijani imewaka.

Kisha waya, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye moto. Huku nyaya zinapimwa kwa namba zinazokwenda kinyume: 16 ni nyembamba, 10 ni nene. Ekstensheni ya bei poa ya dukani, ile ya kuwashia taa za Krismasi, huwa ni 16, sawa na milimita za mraba 1.3. Ukilisha kiyoyozi kwa waya huo, kwanza volti zinashuka njiani. Volti zikishuka, mota ya kiyoyozi haipungukiwi tu nguvu. Inavuta ampea nyingi zaidi na kupata moto yenyewe. Mimi natumia namba 10, zaidi kidogo ya milimita za mraba 5, mfupi, umenyooshwa chini wote bila kuuviringisha, kwa sababu waya uliozungushwa unashindwa kutoa joto lake. Ndani ya trela nina kimita kidogo kilichochomekwa ukutani. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa kinasoma 119, kikiwaka kinashuka hadi 114 au 115, na hapo sina wasiwasi. Kikikaribia 105 nazima. Na baada ya nusu saa natoka nje kuishika plagi kwa kiganja. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, kuna mahali hapajashika vizuri, na mguu wa adapta utaanza kuwa mweusi, plastiki itafuata.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu ndiko nilikokusudia tangu mwanzo.

Nimekulia nyumba ya wapangaji, vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila aliyekulia hivyo anajua sheria zake. Mwenye friji anachangia zaidi. Pasi ina siku yake. Jiko la umeme ni marufuku, na anayechemsha maji ya kuoga kwa hita anasemwa uani mpaka asikie. Nimeishi kwenye trela nikajiona mpangaji tena, nahesabu kila ninachowasha kwa sababu niko kwenye umeme wa nyumba ya mtu, hata kama mtu huyo ni kaka yangu na hataki kupokea hata senti. Lakini kuna tofauti moja iliyonikaa moyoni. Kule nyumbani tuligombana kila mwezi juu ya yuniti. Sikumbuki hata siku moja tuliyogombana juu ya waya. Swali lilikuwa nani amemaliza umeme, halikuwa kamwe kama ukuta ule unaweza kubeba vitu vyote vile.

Na vilikuwa vingi. Chumba kina soketi moja. Kwenye soketi kuna ekstensheni ya matundu manne, kwenye tundu moja la ekstensheni hiyo kuna ekstensheni nyingine, na kutoka hapo zinakula televisheni, redio yenye spika kubwa, friji, feni na chaja za simu za nyumba nzima. Fyuzi ya plagi ikiungua, watu wanafunga kipande cha waya badala yake. Plagi za miguu miwili tunaziingiza kwa kutia ncha ya kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Tundu hilo la juu ndilo la waya wa ardhi, ule unaoondoa umeme uliovuja kabla haujapita mwilini mwa mtu. Mguu mrefu wa plagi ndio ufunguo wa vile vifuniko, umewekwa makusudi ili ardhi iunganike kwanza kabla ya umeme kufika. Sisi tunamfundisha mtoto wa darasa la tatu kuupita kwa kalamu ya Bic. Nyumba ikiungua, taarifa itasema chanzo ni hitilafu ya umeme, na mtaa mzima utainua macho kutazama nguzo.

Nguzo si kila kitu. Najua mgao wa mwishoni mwa 2023 ulivyowatesa watu, najua samaki walivyooza kwenye friji za wauzaji, na nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Megawati 2,115 pale Rufiji si jambo dogo. Lakini megawati hizo, zikishafika kwenye mita yako, zinapita kwenye waya ulioununua wewe, ukafungwa na fundi uliyemchagua wewe. Kipande hicho cha mwisho hakina shirika la kulaumu, nacho ndicho kinachoua watu wakiwa wamelala.

Wala nisiseme huku ndiko peponi. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, mitambo ikazimika, na zaidi ya nyumba milioni nne zikakaa bila umeme katika barafu, nyingine kwa siku kadhaa. Hesabu ya serikali ya jimbo ilifikia vifo 246. Wengine walikufa kwa hewa ya sumu baada ya kuwasha jenereta au majiko ya mkaa ndani ya nyumba. Kwa hiyo nikisikia mtu anawaambia wa nyumbani kwamba Marekani umeme haukatiki, namkatalia.

Na mafundi wa huku nao wanakosea. Jirani wa kaka alitaka soketi ya ampea 30 ya trela lake. Fundi akaja, akafikiri ni sawa na ile ya mashine ya kukausha nguo, ambayo ni volti 240. Soketi ya ampea 30 ya trela ni ya volti 120, ingawa ukiitazama kwa haraka zinafanana ukubwa. Trela lilipochomekwa, chaja ya betri, maikrowevu na ubao wa kiyoyozi vyote viliungua kwa wakati mmoja. Ninachotaka kukionyesha ni kilichofuata. Fundi alikuwa na leseni ya jimbo, namba yake imeandikwa ubavuni mwa gari, na mkandarasi wa umeme huku analazimika kuwa na bima. Bima ililipa. Na kaka alipomwita fundi mwingine kuniwekea soketi ya aina hiyo, tulimwomba apime mbele yetu kabla ya kuondoka. Akatumbukiza ncha mbili za kipimo, kikasoma 121, akatuonyesha, akafunga kifuniko. Jambo la dakika moja.

Nyumbani sheria ipo pia. Mkandarasi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na fomu ya kuombea umeme lazima ipite mikononi mwake kabla nyumba haijaunganishwa. Lakini nani asiyejua jinsi inavyokwenda? Kijana wa mtaani anapiga waya, kisha anatafutwa mwenye leseni wa kugonga mhuri kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia. Miaka mitano baadaye ukuta unapata moto na hakuna hata namba ya simu ya mtu wa kuulizwa.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa huku wakichukue kwetu, nacho ni LUKU. Kaka anapata bili baada ya mwezi kwisha, umeme ukiwa umeshaliwa. Kiyoyozi cha trela kikiwaka saa kumi kwa siku kinakula yuniti 13 hivi, na asiyejisumbua kuangalia hajui mpaka karatasi ije. Mtanzania aliye kwenye kundi la matumizi madogo anajua kwamba akivuka yuniti 75 kwa mwezi bei inapanda, kwa hiyo kila jioni anaitupia mita jicho. Yuniti 75 hizo trela langu linazimaliza ndani ya siku sita. Naamini familia za huku zingekuwa na nidhamu nyingine kabisa kama zingeona namba zikishuka ukutani.

Lakini maneno yangu makubwa ni kwetu tulio nje tunaojenga nyumbani. Tunatumiwa picha za vigae, picha za jipsamu, picha za geti. Tunajadili rangi ya sinki kwa wiki nzima kwenye simu. Sijawahi kuona kundi la familia likiombwa picha ya rola la waya. Tunamwachia fundi "vitu vya umeme" kama fungu moja la pesa, na akibana fungu hilo anabana unene wa shaba, kwa sababu anajua plasta itaficha.

Tulipoanza kumjengea mama vyumba vya nyuma, nilimwambia mdogo wangu kwamba plasta haipigwi mpaka nimeona vitu vinne. Maandishi yaliyo kwenye ngozi ya waya wa soketi, yasomeke 2.5, yaani milimita za mraba. Waya wa jiko uwe peke yake na breka yake, mnene zaidi. Fimbo ya shaba, ile mafundi wanayoiita ethi rodi, ikiwa inapigiliwa ardhini, si ikiwa imeegeshwa ukutani. Na ile swichi kuu inayokata yenyewe umeme unapovuja, ibonyezwe kitufe chake cha majaribio nikiwa natazama kwa video. Fundi alilalamika kwamba nachelewesha kazi na kwamba hajawahi kuulizwa maswali hayo na mtu wa nje. Mdogo wangu alisimama naye mpaka mwisho. Gharama iliyoongezeka haikufika bei ya geti, na geti tumelisogeza mpaka mwakani.