Kitabu cha Kitereza kikifanywa muvi, salamu zitaenda wapi?

Sisi huwa tunakutana watu watano sita hivi kila mwisho wa mwezi pale Kirumba, hapa Mwanza, kwenye kibanda cha mama mmoja wa samaki karibu na mwaloni, kila mtu anakuja na kitabu alichosoma au muvi aliyoiona, tunakula sato na ugali tunabishana mpaka giza linaingia. Safari hii dada mmoja mwenye duka la vitambaa Makoroboi kaja na hoja moja tu, kwamba kitabu cha Aniceti Kitereza, yule mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe, kifanywe muvi, na kifanyiwe hukuhuku Ziwa Victoria. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ukerewe, mzee wetu, akasema hapana, bora kibaki kilivyo. Toka siku hiyo nimekuwa naligeuza hilo jambo kichwani, leo ngoja niliandike lote.

Kwa ambaye hajakisoma: ni ile riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ina vitabu viwili vinene. Kitereza aliimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakaa weee bila kupata mchapaji, baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki 1981. Hadithi yenyewe ukiisimulia haraka ni fupi tu. Mume na mke wanapendana ila hawapati mtoto, ndugu wa mume wanamsema mke maneno ya kuumiza, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao, mume anabaki mpweke, anaenda ukweni kumrudisha, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi na mkewe, wanatafuta mganga, mwisho wanapata mtoto wa kiume Ntulanalwo na wa kike Bulihwali, jina ambalo lenyewe linauliza mashaka yataisha lini. Basi. Sasa hiyo niliyosimulia kwa pumzi moja Kitereza kaijaza mamia ya kurasa, kwa sababu haruki kitu, mtu akifika kwa mtu wanasalimiana kweli, pombe ikitengenezwa inatengenezwa toka ndizi zinaivishwa, mtu akienda kuvua unaenda naye.

Hoja za dada zina uzito na sitaki kuzipitia juujuu. Kwanza anasema kitabu ambacho hakisomwi ni kama kimekufa, na hiki kukipata tu ni shughuli, yeye mwenyewe alikiazima kwa mtu akakisoma kwa kulindwalindwa kama dhahabu. Pili anasema vitu vingi mle ndani vimeandikwa kwa sababu wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kuvihifadhi, Kitereza alitaka lugha na desturi za Wakerewe zisipotee, sasa kama shida ilikuwa kuhifadhi, kamera si ndo inahifadhi vizuri zaidi? Kurasa nyingi za kueleza jinsi ndizi zinavyokamuliwa, kamera inakuonyesha mikono ya watu, majani, povu, unaelewa hapohapo, na mtoto wa mjini huku Buzuruga ambaye hajawahi kuona akishaona haulizi tena. Tatu, na hii ndo ilinigusa, anasema kwenye kitabu Bugonoka anasemwa na watu na wewe msomaji unasoma yale maneno kimyakimya, lakini ungeuona uso wa mwanamke anasemwa mbele za watu kwamba hazai usingesahau maisha yako yote. Alipolisema hilo kibanda chote kilinyamaza, wanawake wawili waliokuwa meza ya pili wakageuka kumwangalia.

Mwalimu hakumjibu kwa ukali. Alisema mwanangu, kwa bajeti ya watu wetu hiyo muvi itakuwa ya saa moja na nusu, na mtu akiwa na saa moja na nusu atachukua nini? Atachukua mke asiyezaa, mawifi wenye mdomo, ugomvi, machozi, mganga, mtoto. Hiyo hadithi tumeshaiona mara mia kwenye muvi zetu, wala haimhitaji Kitereza. Kitereza ni vile vilivyobaki, ambavyo ndo vitakatwa.

Hapo nikaona ni lazima tuangalie mifano ya vitabu vilivyoshafanywa muvi maana bila mfano tungekuwa tunabishana hewani. Wa karibu kabisa ni Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, wengi tumeisoma kidato cha tano na sita, muvi yake kaiongoza Amil Shivji, ikaonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Mimi kitabu nilikisoma kwa ajili ya mtihani, nikakirudia kwa raha zangu, alafu nikaiona muvi, na nakiri niliingia na wasiwasi. Kitabu kinazunguka, Unguja, Mombasa, Tanga, kina watu kibao, kina vichekesho vya mtaani, Yasmin anaozeshwa kwa Raza mzee wa kumzidi mbali sana, anakimbia, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, anakutana na Denge na siasa zake za kumpinga Mwingereza. Muvi imejikita Unguja, imepunguza mazungumzo, watu wananyamaza sana mle ndani, kuna sehemu unaangalia tu kivuli na ukuta na mwanga wa taa. Rafiki yangu mmoja wa Nyegezi aliichukia kwa hilo, akasema wamemnyang'anya Mwajuma mdomo wake, na kwenye kitabu raha yote ni mdomo wa Mwajuma. Mimi sikubaliani naye kabisa ila namwelewa. Kwangu mimi ile riwaya moyo wake ni watu wawili walioshikwa na nguvu mbili, mapenzi na uhuru, huku mkoloni anawachungulia, na hicho kimebaki, tena kimepata kitu ambacho karatasi haiwezi, muziki. Kusoma kwamba watu wanacheza ngoma usiku ni kitu kimoja, kuisikia ngoma yenyewe ukaona shingo ya mtu inavyoyumba ni habari nyingine. Kwa hiyo kule kukata kulilipa.

Ila kuna hasara nyingine wala haiko ndani ya muvi, iko kwa sisi watazamaji. Mdogo wangu wakati yuko kidato cha sita aliniambia kaka mimi muvi nimeshaiangalia, kitabu cha nini tena. Yaani muvi ilitoka kuwa mlango ikawa ukuta. Mwalimu aliposikia hiyo akapiga meza akasema unaona sasa! Lakini dada naye akamgeuzia, akamuuliza Mwalimu, hao waliosoma kwa sababu ya mtihani wangapi wanakumbuka chochote saivi? Na hilo nalo ni kweli, nina wenzangu waliopata alama nzuri kwa notisi tu, kitabu hawakukifungua.

Mfano wa pili ni wa mbali kidogo ila unatuhusu watu wa maziwa. The African Queen, riwaya ya Mwingereza C.S. Forester ya 1935, muvi yake ya 1951 ilipigwa Uganda na Kongo, Humphrey Bogart akapata Oscar. Inaongelea mashua na meli ya vita ya Wajerumani ziwani wakati wa Vita ya Kwanza, na watu wengi huiunganisha na Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika, ambayo zamani ilikuwa Graf von Götzen. Nilipoilinganisha nilishangaa. Kwenye kitabu yule mwanamke na yule mwanaume wanahangaika safari nzima na mashua yao inazama kabla haijaigusa meli ya Mjerumani, baadaye boti za jeshi la Waingereza ndo zinakuja kuimaliza. Kwenye muvi meli inaigonga mashua ileile iliyozama na kulipuka, mashujaa wanaogelea wanaimba. Na historia yenyewe ni tofauti na zote mbili, ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa hapa mtu wa muvi hakupunguza, aligeuza kabisa, maana mwandishi alikuwa anasema mtu anaweza kujitoa mhanga na asifanikiwe na bado juhudi yake ikawa na maana, mwenye muvi akaona watazamaji hawatoki ukumbini na hiyo. Muvi ni tamu, siwezi kudanganya, lakini mtu aliyeiona hiyo tu hajui Forester alisema nini.

Hiyo mifano miwili ndo imenifanya nifike hapa nilipo. Watu wanauliza muvi imefuata kitabu au haijafuata, mimi naona cha kuuliza kwanza ni kile kitabu kimebebwa na nini. Vuta N'kuvute imebebwa na mapenzi na siasa, ukikata matawi mti unasimama. Ule wa Forester umebebwa na mwisho wake, ukiugusa mwisho umeua. Cha Kitereza kimebebwa na taratibu. Mtu wa huku anaelewa, ukienda kijijini Usukumani asubuhi ukakutana na mzee, mwangaluka, salamu ya asubuhi, haiishii kwenye mwangaluka, utaulizwa mlivyolala, watoto, ng'ombe, mvua ya kwenu, na ukikimbiza umemkosea heshima. Myombekere anaporudi kwa wakwe kumwomba mkewe, zile salamu na ule ugumu wa kukaa na baba mkwe ndo adhabu yenyewe na ndo mapenzi yenyewe, mwanaume anaonyesha anampenda mke kwa kukubali kuzungushwa. Ukimkatia hiyo, unampa mtu amekuja, kaomba, kapewa. Mapenzi yake yamepungua bila mtu kugundua.

Kwa hiyo nasimama na dada, lakini kwa masharti ya Mwalimu. Ifanywe, ila isiwe ya saa moja na nusu, iwe tamthilia ya vipande vingi, kila kipande kiachwe kipumue. Na watu waongee Kikerewe, maandishi ya Kiswahili yapite chini. Najua kuna watakaosema nani atakaa anasoma maandishi, lakini angalia vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, vya Igoma na Mabatini, watu wanaangalia muvi za Wachina na Wakorea miaka na miaka, DJ anawatafsiria juu kwa juu, anaweka na misemo ya mtaani, na ukumbi unacheka na kulia. Watu wetu lugha ngeni haijawahi kuwashinda, tena hii ni lugha ya jirani ng'ambo ya maji. Gharama ndo kizingiti cha kweli, maana Ukerewe ya saivi ni bati kila upande na ile ya Myombekere ni nyasi na migomba, itabidi kijiji kijengwe upya, na nguo, na mitumbwi ya zamani. Mwenye hela za hivyo akija atakuja na maneno yake ya kufupisha, hapo ndo Mwalimu anapata haki ya kuogopa.

Kabla hatujaachana tulifanya kitu. Mwalimu alikuwa na kitabu cha kwanza kwenye mfuko wa rambo, tukamwomba atusomee sehemu ya ukweni kwa sauti. Alisoma karibu robo saa, ni salamu na kukaribishana tu, mama wa samaki aliacha kupaa samaki akasimama na kisu mkononi anasikiliza. Dada akasema hii nisingeikata hata neno, ningepunguza kwa mganga. Mwalimu akafunga kitabu, akasema kwa mganga ndo kuna dawa, ukipunguza pale wajukuu zangu watajuaje? Dada akaomba amwazime akaisome tena hiyo sehemu. Mzee akafikiria sana, akampa, akamwambia nakuja tarehe thelathini kukichukua, akaondoka kuwahi meli ya Nansio.