Makoloni yakipungua, je, mmea umekinga?

Madai kwamba tangawizi au manjano hukinga vinasaba mara nyingi hutegemea jaribio la Ames, lililobuniwa Marekani na Bruce Ames miaka ya 1970. Bakteria wa Salmonella wenye hitilafu ya jeni hawawezi kujitengenezea histidini, asidi amino wanayoihitaji ili wakue. Badiliko jipya likiwarudishia uwezo huo, huota makoloni, yaani vidoa vya bakteria, yanayohesabika.

Kwenye mililita 2 za agari laini (rojo la kukuzia bakteria), nyuzijoto 45, huwekwa mililita 0.1 ya bakteria waliokuzwa usiku kucha, mililita 0.1 ya dondoo la mmea, kiasi maalumu cha sumukuvu (sumu ya ukungu, inayowekwa ili ibadili jeni), na mililita 0.5 za mchanganyiko wenye vimeng'enya vya ini la panya. Vimeng'enya ni lazima, kwa sababu sumukuvu haiidhuru DNA mpaka ini liigeuze. Baada ya saa 48 katika nyuzijoto 37, makoloni hulinganishwa na ya sahani isiyo na dondoo; yakiwa machache, mmea husemwa umekinga.

Wanaolitetea wana hoja nzito: ni rahisi, ni la haraka, na mmea wenyewe ukiwa na madhara kwa jeni, hufichuka.

Lakini makoloni pia hupungua dondoo likiwaua bakteria. Kagua kwa hadubini utando mwembamba wa bakteria ulio nyuma ya makoloni. Ukiwa umeparaganyika, hiyo ni sumu, si kinga. Kinyume chake, dondoo lenye histidini huongeza makoloni bila badiliko lolote la jeni.

Mtego mkubwa uko kwenye vimeng'enya. Dondoo likivizuia, sumukuvu haiamki, na sahani inaonyesha kinga nzuri. Mwilini, vimeng'enya vya aina hiyo ndivyo vinavyochakata dawa nyingi za hospitali. Basi rudia jaribio kwa sodiamu azidi, kemikali inayobadili jeni za bakteria bila kuhitaji ini, na bakteria wa Salmonella aina ya TA100, bila vimeng'enya vya ini. Kinga ikitoweka, shuku vimeng'enya kwanza.

Sahani imewahi kuelekeza vizuri: klorofilini, itokanayo na ukijani wa majani, ilifaulu humo, kisha huko Qidong, China, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne zikapunguza kwa asilimia 55 alama ya madhara ya sumukuvu kwenye mkojo. Lakini beta-karotini, rangi ya karoti, nayo ilisifiwa kuwa kinga. Nchini Finland, wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo matokeo ya Ames yanatosha kuchagua mmea wa kuchunguzwa zaidi. Kuyaandika kwenye pakiti ya dawa ni kumdanganya mgonjwa.