Taa iko mlangoni, wapangaji washahamia ndani

Taa ya UV, ile ya mwanga wa urujuanimno unaoua vijidudu kwenye maji, mi naipenda, ila namna inavyouzwa kama dawa ya kuzuia membreni za RO zisizibe ndo inaniudhi, yaani vile vichujio ambavyo maji yanasukumwa kwa presha yapite, chumvi ibaki nyuma. Unaambiwa funga taa kabla ya membreni, bakteria wote wanakufa, habari ya kuziba usahau. Sawa, mwanga wa nanomita 254 kweli unavuruga DNA ya bakteria hadi anashindwa kuzaana, hilo halina ubishi, Marseille kule Ufaransa walianza kutibu maji kwa UV tangu 1910. Ila taa inampata anayepita mbele yake tu. Yule aliyekwisha kuchomoka akajishika kwenye membreni yuko gizani huko ndani, maana membreni ni karatasi zilizoviringishwa, kajifunika ute wake, anakula taratibu.

Na ute huo ndo balaa lenyewe, unateleza kama mawe ya mtoni, unajaa kwenye wavu unaotenganisha karatasi, maji yanapita kwa tabu, presha inapanda, umeme unaliwa. Hata wakipona wachache tu wanatosha kuanzisha ukoo upya, maana UV haiachi kitu kwenye maji cha kuendelea kulinda huko mbele kama klorini. Afu waliokufa nao wanageuka chakula cha waliobaki, hii wauzaji huwa hawaisemi.

Si tutie klorini basi? Membreni nyingi za RO ni poliamaidi, aina ya plastiki, na klorini inaitafuna, ukizoea mchezo huo unabaki na membreni inayopitisha chumvi. Kwa hiyo klorini inabidi itolewe kabla maji hayajafika, na ikishatoka tu bakteria wanapata uwanja, na hapo katikati ndo naona taa ina kazi ya maana kabisa.

Ila iangaliwe jamani! Gilasi ya kwatzi inayoifunika taa ikishika ukoko wa chokaa au chuma mwanga unaishia humohumo, maji yakiwa na tope ndo kabisa, na ile rangi ya bluu inayokufanya useme taa nzima haikuambii kitu kwa sababu UV yenyewe haionekani kwa macho, taa iliyokwisha kuwaka saa 9,000 inaweza kuwaka vizuri tu huku nguvu imeshaisha.

Kinachonipa hamu ni wanaojaribu kuingiza mwanga mlemle ndani ya membreni, nyuzi nyembamba za gilasi zinazovujisha UV ubavuni zikipata mwanga wa LED. Shida UV inachosha plastiki pia, kwa hiyo unaua ute huku unazeesha membreni, labda zile za seramiki zitavumilia. Kwa sasa ukifunga taa bado utaosha membreni kwa kostiki, ile soda kali ya kusafishia, ila pengine si mara kwa mara kama zamani, na anayekuuzia mwambie akuonyeshe kwanza sensa ya kupima UV iko wapi kwenye hiyo mashine, akianza kukuonyesha bluu achana naye.