Kanuni za silaha na umbali wa shabaha katika mashindano ya bunduki tatu

Katika mchezo ambao Wamarekani huuita multi-gun au 3-gun, mshindani huingia kituoni na bastola, raifo na shotigani, kisha huzitumia zote tatu, au mbili kati yake, huku akikimbia na kipima muda kikihesabu. Mchezo huu ulikulia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo shirika la USPSA, lililoanzishwa mwaka 1984 kuwa tawi la nchi hiyo katika IPSC, yaani shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, lina kitabu chake cha kanuni, ingawa mashindano mengi makubwa hujiandikia kanuni zake yenyewe. Hapo ndipo ubishi unapoanzia: silaha zibanwe kwa masharti kiasi gani, na shabaha ziwekwe mbali kiasi gani? Kwa kawaida maswali haya mawili hujadiliwa kila moja kivyake. Kwa maoni yangu ni swali moja, na kulitenganisha ndiko kunakofanya mabishano yasiishe.

Kuna umbali mmoja ambao haubishaniwi, nao ni ule wa usalama. Kanuni za USPSA zinataka mpiga shabaha asikaribie shabaha ya chuma chini ya mita 7 akitumia bastola, mita 5 akitumia marisaa ya shotigani, mita 40 akifyatua risasi moja nzito ya shotigani, na mita 45 akitumia raifo, kwa sababu vipande vya risasi hurudi nyuma na raifo hutoboa chuma ikipigwa kwa karibu. Tuliache hilo.

Upande wa silaha, washindani hugawanywa kwa madaraja. Daraja la Open huruhusu karibu kila kitu, pamoja na bastola yenye darubini ya nukta nyekundu na shotigani inayolishwa kwa magazini. Tactical humruhusu mshindani kuweka darubini moja kwenye raifo, nayo yaweza kuwa ya kukuza. Limited humbana zaidi, kwani darubini ya raifo isikuze kitu. Heavy Metal huwataka wapenzi wa silaha nzito waje na raifo ya .308 (namba hizi ni kipenyo cha risasi kwa inchi), bastola ya .45 na shotigani ya geji 12 ya kuvuta kwa mkono. Wanaotetea masharti haya wana hoja nzito: bila madaraja, mwenye fedha hununua nafasi ya kwanza, na kijana aliyekuja na silaha za kawaida hushindwa kabla filimbi haijalia. Wanaoyapinga nao hawakukosea. Wanaona kwamba madaraja yakizidi, kila moja hubaki na watu wanne au watano, na ushindi wa watano bora kati ya watano hauna ladha.

Lakini tuyapime masharti hayo kwa umbali. Viwanja vingi vya vilabu ni maeneo yaliyozungushiwa matuta ya udongo, yenye urefu wa mita 25 hadi 50. Humo, nukta nyekundu isiyokuza na darubini ya kukuza mara sita hufanya kazi karibu sawa. Pengine nukta ndiyo yenye kasi. Kuwatenga Limited na Tactical katika uwanja wa namna hiyo ni kugawanya watu kwa tofauti isiyoonekana kwenye matokeo. Wapeleke washindani haohao mita 300, hali hubadilika kabisa. Nukta ya ukubwa wa MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii) hufunika takribani sentimeta 17 kwa umbali huo, yaani sehemu kubwa ya kibao kidogo cha chuma, na risasi ya .223 iliyolengeshwa mita 200 hushuka sentimeta 20 na zaidi, bado hatujauhesabu upepo. Mtu aliyetoka kukimbia, anayehema huku ameegemeza raifo kwenye pipa, husikia kila risasi ikipita kimya bila mlio wa chuma, na sekunde zinakwenda. Hapo daraja lina maana.

Hesabu ya nguvu ya risasi ina kasoro ya aina hiyohiyo. Uzito wa risasi kwa grini huzidishwa na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Risasi ya raifo ikifika 150 huhesabiwa ndogo, ikifika 320 huhesabiwa kubwa, na kubwa hupewa alama zaidi kwa tundu lililo nje ya kitovu. Mashindano mengi, hata hivyo, huhesabu muda na adhabu tu: matundu mawili popote kwenye shabaha ya karatasi, au moja katikati, na shabaha imemalizwa. Kwa hesabu hiyo, mwenye .308 hubeba msukumo mkubwa begani bila malipo yoyote.

Wapo wanaosema basi viwanja vyote viwe na shabaha za mbali. Ni rahisi kusema. Mita 300 zenye tuta salama nyuma yake zinahitaji ardhi ambayo kilabu cha pembezoni mwa mji hakina, na kituo cha mbali hula muda: kundi la watu kumi na wawili likikwama kwenye kibao kimoja kinachokataa kulia, ratiba ya siku nzima huvurugika. Isitoshe, mchezo unaotegemea sana umbali humgeuza raifo kuwa mfalme, na stadi ya shotigani, yaani kuchota risasi nne za shotigani kwa mkono mmoja na kuzisukuma ndani mbili mbili bila kutazama, hubaki pambo. Wengine tayari wameiacha shotigani wakabaki na mchezo wa silaha mbili, nami naona wamepoteza kilichoufanya mchezo huu uwe tofauti.

Kwa hiyo sioni haja ya umbali mmoja kwa nchi nzima. Ninaloliona la haki ni waandaaji kutangaza umbali wa shabaha ya mbali kabisa siku wanapofungua usajili, na madaraja yafuate umbali huo: kilabu chenye mita 50 kiunganishe Limited na Tactical, na uwanja kama wa Whittington huko Raton, New Mexico, wenye nafasi tele, uyatenganishe. Mshindani atajua mapema afunge darubini gani, na alengeshe raifo yake kwa mita ngapi.